Bustani Yangu Iliyosomewa Fatiha

Najua mnaijua habari hii, na najua wengine mmekaa hapo mmejiziba midomo kwa mitandio msicheke, kwa hivyo afadhali muisikie kutoka kwangu mwenyewe kuliko kwa yule muuza kahawa, maana yeye kila akiisimulia huniongezea maiti. Ndiyo, nilipata aibu. Niliipata mbele ya wakwe, mbele ya jamaa wa msikitini, mbele ya mtaa wetu mzima wa Kibokoni, na jeneza likaletwa mlangoni kwangu ilhali nimeshika sinia la halwa. Lakini bustani yangu haina makosa, na hilo nitalisema mpaka mnichoke.

Mnaikumbuka hali ya maji ya miaka ile ya tisini. Mfereji ulikuwa ukiufungua unakohoa, unatoa upepo, basi, na wenye mikokoteni ya madebe ndio waliokuwa wafalme wa mji. Sasa sisi ni katika wachache Mji wa Kale wenye uwanja mbele ya nyumba (palikuwa na nyumba ya ami yake mume wangu, ikaanguka, yakabaki mawe), na kwenye uwanja huo marehemu mama mkwe, Mungu amrehemu, aliacha miasumini na mawaridi, na Baba Rukia, mume wangu, aliyapenda maua hayo kwa mapenzi ambayo hayakumfikisha kwenye ndoo hata siku moja. Mbeba maji ni mimi. Maji ya kupikia nayapima kwa kata, na bado jioni niyanyweshe mawaridi, nayo yananitazama yamenuna kama niliyoyapa hayatoshi. Siku moja nikaiweka ndoo chini nikamwambia Baba Rukia kwamba mimi na maua haya tumeachana. Akasema nikiyang'oa atayarudisha yote kwa mkono wake. Nikamwambia karibu, ndoo ile pale.

Hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo, na wallahi ulikuwa uamuzi wa akili. Nilijiuliza, katika mji huu ni maua gani yanayochanua mwaka mzima, jua la kaskazi likiwaka, na hakuna mtu anayeyapelekea maji? Jibu nilikuwa nikilipita kila siku. Makaburini. Vile vichaka vya maua meupe na ya pinki, na mishubiri iliyonona majani, yote imestawi juu ya mchanga mkavu, na wale waliolala chini yake hawabebi ndoo. Nikasema kinachoota pale kitaota na kwangu. (Miche niliomba kwa watu majumbani mwao, sikuchukua hata jani la maiti, wasije wakanizulia na hilo.)

Nikayang'oa mawaridi na miasumini, kisha nikachora mpango wote kwa chaki kwenye sakafu ya ukumbi. Vile visivyojali maji kabisa nikaviweka mbali, chini ya ukuta unaochomwa na jua, mishubiri katikati, na mrehani tu, ambao siwezi kukaa bila harufu yake, nikauweka karibu na mlango wa jikoni unywe maji ya kuoshea mchele. Chini ya udongo nikafukia makumbi ya nazi yashike unyevu, na juu nikatandaza kokoto nyeupe ili jua lisiufikie udongo. Uwanja wetu ni mrefu na mwembamba, kwa hivyo matuta nayo yakawa marefu, yameinuka kidogo, na baina yao vijia vya kupita mtu mmoja. Kingo nikazijenga kwa mawe ya nyumba ya ami, na ili udongo usiporomoke nikasimamisha jiwe moja kila mwisho wa tuta. Matuta matatu marefu na moja dogo la mrehani. Nilipomaliza nilisimama mlangoni nikajiona mjuzi. Rukia, binti yangu, akatoka, akatazama kwa muda, akasema, "Mama, pametulia." Mimi nikadhani ananisifu.

Rukia mwenyewe wakati huo alikuwa na jambo lake. Alikuwa amependana na Twaha, kijana wa mtaa wa Kuze, mpole, ana kazi yake bandarini, na alikwisha kuniambia ni huyo au hakuna mwingine. Mtoto wangu ni mmoja tu, na kama kulikuwa na kitu nilichokitaka kuliko maji, ni posa ile inyooke. Tukaambiwa wanawake wa kwao watakuja kwanza kututazama, na kwamba neno la mwisho ni la Bi Mwanakombo, nyanya aliyemlea Twaha, akikataa yeye imekwisha. Basi siku ya siku nikafukiza udi, nikapanga halwa na visheti, Rukia nikamvisha nikamweka ghorofani, na Baba Rukia nikamtoa nyumbani, aende akasali alasiri na asirudi mpaka aitwe.

Wakaja, wamevaa mabuibui yao, Bi Mwanakombo mbele. Alipofika kwenye kijilango cha uwanja akasimama. Akatazama matuta, akatazama kokoto nyeupe, akatazama yale mawe yaliyosimama (ambayo wapita njia wote, naona, waliyajua kuwa ni mashahidi, mawe ya kaburi ya kichwani na miguuni, isipokuwa mimi niliyeyasimamisha). Akavua viatu. Na badala ya kunisalimu mimi mwenye nyumba, akawasalimu walio chini, ile salamu ya kuingilia makaburini, kisha akainua mikono akaanza Fatiha, na wenzake wote nyuma yake wakainua mikono.

Sasa niambieni, mtu akisoma Fatiha mbele yako wewe utafanya nini? Utamkatiza? Sikulelewa hivyo. Nikainua mikono na mimi, nikasoma, na mwisho nikaitikia amina kwa sauti. Hilo ndilo lililoniponza, maana baada ya amina ile hakuna neno langu lililosadikiwa tena.

Bi Mwanakombo akajifuta macho, akanyoosha kidole kwenye lile tuta dogo.

"Na huyu mdogo, mwanangu, alikuwa na umri gani?"

Nikamwambia bibi, hapo hakuna mtu, hayo ni maua, ni bustani. Akanishika mkono kwa huruma, akasema, "Pole, mwanangu. Kulikubali jambo ni kazi." Basi wale wengine kusikia hivyo wakaanza kulia, na mmoja akakaa kabisa kando ya mrehani akawa anaupapasa.

Wakati huo huo muuza kahawa akapita njiani, akaona mabuibui uwanjani na vilio. Yeye anaapa kwamba alichosema barazani kwa msikiti ni kuwa kwa Baba Rukia wanawake wanalia, basi, na mengine waliongeza watu. Lakini sala ndiyo kwanza imekwisha, watu wamejaa, na nyinyi mnawajua jamaa zetu kwa kupenda thawabu na kuzika upesi. Mmoja akauliza ni nani, mwingine akasema itakuwa ni mama wa nyumba, wa tatu tayari amekwenda kutoa jeneza.

Mimi nimefaulu kuwaingiza wageni ndani, nimeshika sinia, ndipo nikasikia sauti za wanaume zikija na tahalili ya mazishi. Nikatoka nalo sinia langu mpaka kwenye kijilango. Jeneza hilo linakuja, na nyuma yake Baba Rukia, kofia hana, kiatu mguu mmoja, ameshikwa na watu wawili, analia kwa sauti kama hakuna anayemwona. Aliyekuwa mbele akanipa pole kwa adabu, akaniuliza maiti ni nani.

"Hakuna aliyekufa," nikasema. "Karibuni halwa."

Baba Rukia aliponiona akakaa juu ya tuta, kwenye kokoto. Wengine wakacheka, wengine wakanuna kwa kutolewa msikitini bure. Na Bi Mwanakombo alikuwa ametoka, ameyasikia yote, na sasa ameelewa kwamba amewasomea Fatiha mishubiri. Sikupata kuona uso uliokasirika kwa heshima kama ule.

"Mjukuu wangu hataoa kwenye nyumba ya makaburi," akasema. "Hivi ving'olewe leo, au posa hii haipo."

Nikainua macho, nikamwona Rukia dirishani, mkono mdomoni. Roho iliniuma. Nikaliweka sinia chini, nikainama kulishika jiwe la kwanza.

"Usiliguse," Baba Rukia akasema.

Akasimama na kiatu chake kimoja. Akamgeukia Bi Mwanakombo.

"Mama, mke wangu amechoka kubeba maji miaka yote na mimi nikimtazama. Leo nimetoka msikitini najua ndiye ninayekwenda kumzika. Hapa hapatang'olewa hata jani."

Nilijua posa imekufa, na kufa kwake kwa kweli. Bi Mwanakombo akamtazama machoni, kisha akautazama ule mguu mtupu.

"Umelia njia nzima?"

"Njia nzima."

"Mbele ya wanaume wote hawa?"

"Mbele yao."

Bi Mwanakombo akakaa kwenye kizingiti, akavuta sinia kwake, akasema kwamba Twaha aletwe kwenye nyumba hii haraka, akajifunze.

Rukia ameolewa, ana watoto. Yale mawe ya kusimama nimeyalaza, basi, zaidi ya hapo sikubadilisha kitu, na maua yanachanua bila tone langu. Nimeapa jambo moja tu, kwamba sitaitikia dua tena kabla sijauliza inasomwa kwa ajili ya nani. Ama kung'oa, sing'oi. Anayeona vibaya apite njia nyingine. Nitakufa bustani hii iko papo hapo, na siku hiyo mkija na jeneza, sitawarudisha.