Mkebe wa Kuhamisha Moto

Wiki hiyo sikukaa kitako. Naosha vyombo, naviacha na povu, naenda kuupanga mkebe. Nikishaupanga naumwaga wote kitandani, naanza upya. Mume wangu aliniangalia mpaka akachoka, akaniuliza kama tunahamia mji mpya au naenda vitani. Nikamwambia aniache kabisa. Yeye kazi yake ilikuwa kubeba shoka, na shoka halikatai kuwaka.

Kwa watu wake, Wajaluo, mwanamume hatoki kwenye boma la baba yake hivi hivi tu, ati amepata pesa amejenga. Kuna asubuhi yake. Mnatoka alfajiri kwa mstari: mzee wa ukoo mbele, mwenye mji, yaani boma jipya, na shoka lake, mtoto wenu wa kwanza na jogoo, na mke na moto. Mkifika, mzee anaonyesha mahali, nguzo inachimbiwa, na nyumba inasimama siku hiyo hiyo kabla jua halijazama. Usipofanya hivyo, hata uwe na jumba la ghorofa huku mjini Nyamasaria, kule nyumbani wewe ni mtoto. Mume wangu ana mvi kichwa kizima na bado walikuwa wanamwita kijana.

Mimi ni Mkikuyu wa Kisumu. Wazazi wangu walikuja kuuza viazi soko la Kibuye, na mimi nikazaliwa kwenye chumba cha kupanga, nikakulia kwenye kingine, nikaolewa nikaingia kingine. Kila uchaguzi ukikaribia, mama yangu alikuwa akifunga nguo kwenye begi na kuliweka nyuma ya mlango. Hadi leo nikisikia kelele barabarani, mguu wangu unatafuta kiatu wenyewe. Kwa hivyo mtu akiniambia kuna mahali ambapo hapawi pa mtu mpaka mimi nilete moto, mimi, lazima nisilale.

Na kulikuwa na jambo jingine. Baba mkwe alishafariki, na wazee wote wa upande wake walikuwa wamekwisha isipokuwa ndugu yake mdogo, na huyo naye miguu ilikuwa imevimba, presha inapanda na kushuka. Alikubali kututangulia siku hiyo kwa shida. Moto ukikosekana, siku imevunjika, watu wanarudi nyumbani. Tungempata siku nyingine? Mungu ndiye ajuaye. Nilichojua mimi ni maneno ambayo yangesemwa, kwamba yule mgeni ndiye aliyeshindwa na moto.

Basi nikatengeneza mkebe. Ulikuwa wa maziwa ya unga, ule mkubwa, wenye kifuniko kinachobana sawasawa. Nilimpa fundi autilie waya wa kushikia. Ndani nikaweka njiti za kiberiti kwenye chupa ya dawa, pamoja na kile kikaratasi cha kukwaruzia, maana njiti bila hicho ni kazi bure. Nikaweka kiberiti cha gesi, kisha cha pili, kwa sababu sikukiamini cha kwanza. Pamba nilizipaka mafuta mazito ya kujipaka, nikazifinyanga zikawa vitonge. Nikakata tyubu ya baiskeli vipande vyembamba, hiyo inanuka vibaya lakini inawaka hata kwenye mvua. Nikachana trei ya mayai. Nikaomba maranda kwa seremala, nikaweka mshumaa. Nilijaribu vitu hivi vyote nyuma ya nyumba mpaka jirani akaja kuuliza nini kinaungua.

Tulisafiri siku moja kabla, tukapinda pale Kisian kuelekea upande wa Bondo, hadi kwao mume wangu, juu ya ufuo wa Luanda Kotieno. Mvua ilikuwa inanyesha, inaacha, inanyesha tena. Nilipofika tu nikafungua mkebe kuhakikisha havijalowa. Wifi yangu, dada ya mume wangu, alisimama mlangoni akacheka mpaka akashika ukuta.

"Yawa! Hii yote ni ya nini? Unafungua kioski?"

"Ni ya kuwasha moto kesho."

"Kuwasha wapi?"

"Si kule kwa mji mpya?"

Akaacha kucheka. "Hapana, mama. Huwashi kule. Moto unatoka hapa, kwa nyumba yako ya zamani. Unaubeba ukiwa hai."

Nilimtafuta mume wangu nikampata anasugua shoka. Ananiambia, "Nilifikiri unajua." Miaka yote hii, watoto wote hawa, ati nilifikiri unajua! Hasira niliyokuwa nayo ingetosha kupikia harusi. Nyumba yetu katika boma lile tulikuwa tunaifungua Krismasi tu, na tunapika kwa gesi. Mafiga yalikuwepo, lakini baridi kama kaburi, na panya walikuwa wametandika karatasi zao hapo katikati.

Alfajiri niliamka kabla ya jogoo wao. Nilifagia mafiga, nikapanga kuni zangu, nikaweka kitonge cha pamba chini ya maranda, nikakwaruza njiti. Moja tu! Moto ulishika mara moja, na nikamwita wifi aje aone. Nisidanganye, nilijisikia sana. Kuni zilipokwisha kuwa makaa mekundu, nilimwaga vitu vyangu vyote kwenye mfuko wa koti, nikajaza makaa mkebeni. Nje kulikuwa na manyunyu. Nikakibana kile kifuniko kwa kiganja mpaka kikalia.

Tukatoka kwa mstari. Baba mdogo alitembea na fimbo yake polepole mno, nami nyuma nilikuwa natamani kumsukuma, Mungu anisamehe. Njia ilikuwa tope tupu. Huko chini feri ya Mbita ilipiga honi. Nilikuwa nahamisha waya kutoka mkono huu kwenda ule, naugusa mkebe kwa ubavu kusikia joto lake, nahamisha tena. Ulikuwa wa moto. Kisha ukawa wa vuguvugu. Kisha nikaukumbatia na sikusikia kitu.

Kifuniko! Mimi niliyekulia nyuma ya jiko la mama la kuchoma mahindi, nijuaye kwamba makaa ukiyafunika hewa yanakufa, nilikuwa nimeyafungia kama maziwa.

"Baba," nikasema, "ngoja kidogo."

Mstari ukasimama. Mume wangu aligeuka akaniangalia, na nikaona ameshaelewa. Nilipiga magoti kwenye tope nikafungua. Yote yalikuwa meusi na jivu juu yake. Wifi alikuja nyuma yangu na mwavuli, akainama kana kwamba ananikinga mvua tu.

"Una kiberiti mfukoni," akaninong'oneza. "Washa. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," nikamwambia. "Niachie."

Nilikuwa na hofu na nilikuwa na hasira, na siwezi kusema ipi ilikuwa kubwa. Nilichokora kwa kijiti, kaa baada ya kaa, mpaka chini kabisa nikakuta moja lenye doa jekundu, dogo kama punje ya harage. Nilitoa vitonge vya pamba nikakichambua kimoja kwa vidole, nikakilaza juu ya lile doa. Nikapuliza. Si kwa nguvu, unapuliza kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Moshi ukatoka kidogo. Nikapuliza tena, kizunguzungu kikanishika, machozi yakanitoka kwa moshi na kwa mambo mengine. Pamba ikawa ya njano pembeni, ikawa kahawia, halafu mwali mdogo ukasimama.

Niliuongezea trei ya mayai, kisha kipande cha tyubu, na ule mnuko mbaya wa mpira ulinijia mtamu kuliko pilau. Makaa yakaanza kushika moja baada ya jingine. Nilipoinuka, kifuniko nilikitupa kichakani. Wifi alishika mwavuli juu ya mkebe njia nzima, na yeye mwenyewe akalowa chepechepe.

Tulipofika, baba mdogo alionyesha mahali, mume wangu akakata kichaka cha kwanza, nguzo ikachimbiwa. Niliumwaga moto wangu pale nilipoonyeshwa nikauwekea kuni. Zilikuwa mbichi kwa mvua, moshi ukajaa uwanja mzima. Mafundi wakaja na mabati na misumari, kukawa na kelele za nyundo. Baba mdogo alikaa na miguu yake kwenye kiti cha plastiki karibu na moto, na mimi nilikuwa nainuka, nakaa, nageuza kijinga cha moto, nainuka tena. Alinitazama lakini hakunikemea.

Karibu na chai ya saa nne ukuta wa kwanza ulikuwa umesimama. Mwanamke mmoja akapenya kwenye ua wa michongoma kutoka boma la jirani, ameshika sufuria kuukuu iliyochakaa. Sikuwa nimewahi kumwona. Aliwapita mafundi, akampita mume wangu, akaja moja kwa moja mpaka nilipokuwa nimechuchumaa.

"Mama wa hapa, habari ya asubuhi," akasema. "Naomba moto. Mvua imeloesha mpaka kiberiti changu, watoto hawajanywa hata uji."

Niligeuka nyuma kutafuta anayeambiwa. Wifi alikuwa mbali, anaosha vikombe. Mfukoni nilikuwa na njiti kavu za kutosha, lakini mama wa watu hakuomba njiti. Nikamgeukia baba mdogo, maana yeye ndiye mzee na mimi sikujua kama inaruhusiwa.

"Baba, nimpe?"

Akaivuta miguu yake iliyovimba, moja halafu nyingine, ili yule mwanamke apate nafasi ya kuufikia moto.

"Unaniuliza mimi kama nani?" akasema. "Mimi hapa ni mgeni."

Nilianza kuchota makaa kwa pupa hata moja likaangukia kando ya kiatu cha yule jirani, akaruka, akacheka. Nililia pale pale mbele ya mafundi, na sikujificha. Nikamchagulia yale mekundu zaidi, nikaijaza sufuria yake, nikamwambia watoto wakishakunywa uji arudi tunywe chai kwangu.