Mipira Aliyotuma Nauam

Elsina alikuwa na pikapu nyeupe na hakuwa na mume. Yaani mume alikuwepo, jina lake Nauam, lakini alikuwepo Australia akichuma zabibu za watu, na wahenga hawakukosea waliposema asiyekuwepo na lake halipo. Kilichobaki uani ni pikapu, pale kijijini kwao chini ya Yasur, mlima wa volkano, ikiamka kila asubuhi na majivu mgongoni.

Siku anaondoka, Nauam alimwachia mkewe maneno, na Elsina akayatunza kama amana. Alisema gari hili amelinunua ili asiondoke tena. Kwa sasa anakwenda kulimalizia deni, lakini likishajimudu lenyewe, likalisha nyumba na kujilipia matengenezo, atarudi na hatapanda ndege nyingine. Wakati huo Elsina alikuwa na mimba ya Dorolin. Sasa Dorolin anakimbia na kugombana na mbwa, na baba yake amembeba mara moja tu, alipokuja kumzika babu. Alikaa siku chache akaondoka.

Basi gari likajimudu? Thubutu. Dereva alikuwa Iati, mdogo wake Nauam, kijana wa maneno mengi mpaka jioni anapokwenda nakamali, baraza la wanaume, kunywa kava, kile kinywaji cha mizizi kinacholegeza mwili, maana akishakunywa hunong'ona tu kama wenzake. Alibeba abiria na taro, yale magimbi ya kwao, na kabichi kwenda soko la Lenakel, akakata uwanda wa majivu, akapanda ile njia ya katikati ya kisiwa ambayo mvua imeibakizia mawe na mashimo. Fedha iliingia vizuri. Lakini kabla hujasema ahsante, gurudumu la mbele lilianza kugonga, Iati akatambaa chini ya gari na kutoka na habari ileile: mpira wa boljointi umepasuka.

Boljointi ni kile kiungo cha mviringo kinacholishika gurudumu, kinazunguka kama nyonga ya mtu. Kimevishwa kikofia cha mpira ili grisi isitoke na vumbi lisiingie. Kikofia kikipasuka, majivu ya Yasur huingia na kusaga chuma, na majivu yale hayamjui mjane wala mwenye mume mbali. Kiungo hulegea, gurudumu likayumba, na gari la kuyumba halipandwi na abiria mwenye akili.

Nauam akawa anatuma vingine. Vya orijino vilimshinda bei, akanunua vya kuiga kwenye maduka ya huko, akavifunga katika katoni pamoja na nguo za Dorolin, akampa mwenzake anayerudi nyumbani. Muuzaji alimwambia vitakaa miaka, lakini msimu mmoja wa mvua ulitosha kuvimaliza. Na kila mwaka mwenye shamba alipomwuliza kama anarudi kwao au anaendelea, Nauam aliendelea. "Gari limekula tena, mama Dorolin," alikuwa akimwambia mkewe kwenye simu. "Nipe mwaka mmoja tu, nilikalishe sawa."

Kijijini kila mtu alikuwa na jawabu. Wako waliosema vipuri ni feki, na hao hawakukosea sana. Wengine walilaumu majivu. Mama mkwe alishika lake, kwamba kuna mwenye wivu kafukia majani ya uchawi njiani, na akamtaja kabisa mtu mwenyewe, ambaye wala hana habari na magari. Elsina aliwasikiliza wote na kumwamini kila mmoja kidogo.

Yeye alifanya alichoweza. Kila Jumamosi, kabla ya Jumapili ya kanisa, aliosha majivu yote kwa maji ya mto, kisha akajilaza kwenye mkeka chini ya gari na chupa ya mafuta ya nazi aliyokamua mwenyewe. Akaipaka ile mipira polepole, mmoja baada ya mwingine. Kwao huko mafuta ya nazi ndiyo kila kitu. Mtoto akizaliwa hupakwa, kijana akitoka jandoni hupakwa, hata mzee akiumwa magoti. Ngozi ikikauka hupasuka, basi mpira nao ni ngozi. Na tuseme ukweli, haikuwa ngozi tu. Mipira ile Nauam aliichagua kwa mkono wake, akaishika, akaifunga. Hakuna kingine pale uani kilichotoka mikononi mwa mumewe juzijuzi. Elsina alikuwa akiipaka huku akizungumza nayo, na mara nyingine alisahau kutoka mpaka Dorolin akaja kumvuta mguu.

Iati hakuacha utani. "Shemeji, magurudumu yana bahati. Mimi ndiye ninayeendesha na sijapakwa hata kisigino."

"Oa basi upakwe," Elsina alimjibu kutoka chini. Wanawake waliopita walimsifu, wakasema huyo ndiye mke.

Siku moja ya soko, katikati ya uwanda wa majivu, gurudumu la mbele lilijikunja likalala ubavu. Abiria waliteremka salama na mizigo yao, wakamtukana Iati kwa zamu, wakaendelea kwa miguu. Lori likaivuta pikapu mpaka Lenakel, kwa fundi Numalin mwenye gereji nyuma ya soko. Miaka yote ile Iati alikuwa akibadilisha mipira mwenyewe nyumbani, lakini safari hii chuma chenyewe kilikuwa kimeng'oka, na Elsina alikuwemo garini na vikapu vyake vya taro, kwa hiyo naye alimwona Numalin akiung'oa ule mpira uliopasuka. Fundi aliuminya. Akaunusa. Akaunusa tena.

"Nani anamkanda mtoto chini ya gari hili?" akauliza.

Iati alicheka na kumnyooshea kidole shemeji yake.

"Mimi," Elsina akasema. "Si ngozi ikikauka inapasuka?"

"Ngozi ya mtu, mwanangu." Numalin hakucheka. "Mpira ukinywa mafuta ya nazi unavimba, unalegea kama mkate kwenye chai. Vya orijino labda vingevumilia. Hivi vya kuiga ni mpira wa bei chee, haviwezi. Kikulacho ki nguoni mwako."

Elsina alikaa juu ya tairi kuukuu mpaka kazi ilipokwisha. Fundi alidhani anahuzunikia gari. Yeye alikuwa akifikiria kila Jumamosi aliyolala chini ya gari lile na moyo wake wote mkononi. Kwa mkono uleule alikuwa akiipasua mipira, na kila mpira uliopasuka ulimbakiza Nauam kwenye mizabibu ya watu. Ilimuuma kiasi kwamba njia nzima ya kurudi hakuweza hata kumkaripia Iati kwa mwendo wake.

Tangu siku hiyo aliiosha pikapu kwa maji matupu. Ilikuwa taabu. Jumamosi mkono ulikosa kazi, akawa anafagia ua uliokwisha kufagiwa. Lakini mvua zikaja zikapita, viazi vikuu vikavunwa, majivu yakaanguka yakazolewa, na mpira ukakaa. Vipuri vilikuwa vya kuiga vilevile, kutoka katoni ileile. Iati akitambaa chini kuangalia, alitoka mikono mitupu.

"Pakavu kama moyo wangu tangu dada yako anikatae," alisema.

Mwaka wa shamba ulipokaribia kwisha, Elsina alipanda kile kilima cha nyuma ya kanisa ambako simu hushika, mara tu baada ya ibada. Alikuwa amevaa gauni lake la Jumapili na moyo unamwenda mbio kama wa mwali. Alimwambia Nauam yote kwa pumzi moja: kwamba mpira haujapasuka mwaka mzima, gari linalisha nyumba na kujilipia, na aliyekuwa akiipasua mipira ni yeye mkewe, kwa mafuta ya nazi. Nauam alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, kicheko ambacho Elsina hakuwa amekisikia tangu enzi za uchumba, na yeye akacheka naye.

Kisha Nauam akageuza maneno. Akaanza habari za bati la nyumba, kwamba kimbunga kijacho kitaling'oa. Akaingia kwenye ada ya shule ya Dorolin, ambaye bado hajajua hata kupenga kamasi. Akasema mwenye shamba anamtegemea sana. Alisema yote hayo upesi, na Elsina alisikia kwamba mumewe anatafuta pa kujificha.

"Nauam, bati lipo," alimkatiza. "Mimi nilidhani mpira ndio unaokuzuia huko. Kama si mpira, niambie ni nini."



"Naogopa," Nauam akasema. "Nilipokuja kumzika baba, nilimbeba mtoto akalia mpaka akatapika. Na wewe ulinipakulia kwenye sahani ya wageni, mama Dorolin. Labda hukuona. Huku nikiamka najua nishike nini. Huko nyumbani sijui nianzie wapi."

Elsina aliiona sahani ile machoni mwake. Ni kweli alimpakulia, tena kwa heshima, na hakuwahi kufikiri kwamba ingemuumiza.

"Dorolin atalia siku mbili tatu, atazoea," akasema. "Mimi nalia mwaka wa nne huu, na sijazoea."

Sauti ya mumewe ikaja ya chini sana, ikauliza kama pikapu inaweza kufika uwanja wa ndege siku ya Ijumaa.

"Inafika," alisema. Akalia pale pale kilimani, waumini wakishuka mbele yake na vitabu vyao vya nyimbo, wala hakujifunika uso.