Kuku Hawatagi Mwezi wa Sita

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa sita, mwanangu, nilipomkamata kuku wangu mwekundu, nikamtia kwapani na kutoka naye hapahapa La Rochelle, Johannesburg, kwenda kumtafutia kisu. Umenikumbusha wewe, kwa swali lako la jana. Uliniona nawamwagia kuku mahindi, ukasema, "Shangazi, hawa si wameacha kutaga, unawalishia nini?" Nikacheka tu. Swali hilo lina umri mkubwa kuliko wewe, na mimi ndiye niliyekuwa nikiliuliza.

Nilikuwa bibi harusi wa juzijuzi. Mume wangu Rashidi, Mungu amrehemu, alinitoa Tanga akanileta kwenye chumba cha uani, penye mti mmoja wa matunda, mpichi, na banda bovu. Nikatafuta matetea machache, maana sisi tusiposikia kuku uani hatuamini kwamba tumeamka. Msimu wote wa joto walitaga mpaka nikawa nagawia majirani.

Kisha baridi ikaingia, na kabla haijakolea nikapoteza mimba yangu ya kwanza. Nalisema waziwazi kwa sababu zamani tulilificha, na kuficha hakukutusaidia kitu. Mwili ulipona, mimi sikuinuka. Cherehani yangu niliifunika shuka. Wateja waliokuja na vitambaa vyao walirudi navyo. Rashidi alikuwa mlinzi. Alirudi kutoka kazini amechoka, akasonga ugali mwenyewe na kuniwekea pembeni ya kitanda, nami nikauacha upoe. Hakunilaumu hata siku moja. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa kuwa nilijiambia ananivumilia tu, na mvumilivu naye huchoka.

Kilichobaki kunitoa nje ni mayai. Halafu nayo yakapungua, yakaisha. Kuku wenyewe wakanyonyoka manyoya, shingo zikabaki wazi, nikiwatazama najiona mimi. Nikakata shauri: nawachinjisha wote, nampikia Rashidi mchuzi mmoja mzuri, kisha namwomba anirudishe kwetu atafute mke mwingine.

Mtaa wa pili alikaa Mzee Hamadi, Mpemba, ndiye aliyetuchinjia Waislamu wote wa pale. Nilimkuta anaota jua ukutani, koti zito juu ya kanzu, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo babu. Nakuomba unichinjie huyu. Na wenzake nitawaleta."

"Marahaba. Anaumwa?"

"Haumwi, hatagi." Nikaongeza kwa uchungu, "Kuku wa mkata hatagi, na akitaga haangui."

Akaweka kikombe chake cha chai chini. "Aliyesema hivyo hakuwahi kukaa Johannesburg mwezi wa sita. Hebu nambie, kwenu Tanga Magharibi huadhiniwa saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na kitu."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima, babu."

"Na hapa sasa?"

"Kumi na moja na nusu tushaswali."

"Na mwezi wa kumi na mbili?"

"Inafika saa moja."

"Basi. Wewe siku ikipungua waijua kwa adhana. Kuku aijua kwa macho. Kwetu mchana haupungui wa kuonekana, ndiyo maana hatukufunzwa jambo hili. Hapa mwanga ukiwa mchache yeye huacha kutaga, akamwaga manyoya ya zamani akaota mapya. Wewe wamwona amekaa bure, naye ana kazi nzito kuliko kutaga. Nimchinje mtu yuko kazini?"

Mwanangu, nililia palepale, kuku kwapani. Nikamweleza mzee yule, ambaye si ndugu yangu wala si wa kwetu, habari ya mimba, ya cherehani na ya safari niliyoipanga. Alisikiliza ameinamisha uso, kwa heshima, mpaka nikaishiwa maneno.

"Pole, mwanangu," akasema. "Pole sana. Mimi sikujua, na nilikuwa nakufanyia ukali." Akamgusa kuku kilemba cha kichwani. "Uani kwenu pana mpichi. Mngoje kuku huyu mpaka mpichi utoe maua. Ukitoa maua na kilemba chake bado kimepauka, nitakuja mwenyewe na kisu. Na wewe vilevile, usiseme neno la safari kabla ya maua."

"Na nikingoja bure?"

"Utakuwa umengoja na kuku. Kuna waliongoja peke yao."

Hakuishia hapo. Alinifuata mpaka bandani, akakuta nimeziba kila tundu kwa mabaki ya vitambaa, kwa huruma yangu ya mtu wa pwani. Akayang'oa ya juu yote huku akigomba. Kuku anastahimili baridi kavu, alisema, ila unyevu wa pumzi zake mwenyewe humuua, kwa hiyo juu paachwe wazi na chini pazibwe upepo. Nyasi ziwe kavu. Mahindi wapewe Alasiri, ili walale na kitu tumboni cha kuwatia joto. Na maji yakiganda, barafu ivunjwe kabla hawajashuka kutoka kwenye kijiti chao cha kulalia.

Siku hizi wapo wanaowawashia taa bandani ili wadhani bado mchana. Wanataga, sikatai. Ila mimi siwezi kumdanganya kiumbe aliyechoka, na kwa umeme wetu huu wa kukatikakatika hata kuku wenyewe wangetucheka.

Nikaanza kuamka mapema. Sikuwa nimepona, ila maji yalikuwa yameganda na kuku wana kiu, ikanibidi niinuke. Nikishainuka naona heri nichemshe na chai. Chai ikiwapo, Rashidi akirudi kutoka lindoni tunakunywa pamoja. Siku moja niliiondoa ile shuka juu ya cherehani nikashona kitu kidogo, mfuko wa mto tu, halafu nikaifunika tena. Kesho yake sikuifunika. Hakuna marefu yasiyo na ncha, lakini usidhani ncha hiyo inaonekana ukiwa katikati.

Mpichi ulitoa maua mwezi wa nane, kabla ya jani lolote, upepo wa vumbi ukiyapeperusha. Na Mzee Hamadi akaja kweli, kisu kimefungwa kitambaani, kwa kuwa alikuwa mtu wa ahadi. Rashidi alikuwapo.

"Kisu cha nini, mzee?" akauliza.

Ikabidi nimwambie yote. Akakaa chini juu ya kreti. "Eish, mke wangu," akasema, "ulitaka kuondoka? Mimi nilikuwa nadhani ni ugali wangu ndio mbaya." Alitaka kunichekesha, lakini machozi yalimtoka. Hapo ndipo nilipojua kwamba miezi yote ile naye alikuwa akiomboleza mtoto wake, peke yake, akisonga ugali.

Katika banda hapakuwa na yai. Mzee Hamadi alimnyanyua yule mwekundu, akamgeuza kwenye jua, akatuonyesha kilemba chake: kimekuwa chekundu tena. Akakirudisha kisu mfukoni. Yai lilikuja siku chache baadaye, dogo. Nililichemsha, nikalikata, tukala nusu kwa nusu.

Watoto walikuja baadaye sana. Unawajua, ndio hao ninaowasalimia kwa Kiswahili wakanijibu kwa Kizulu. Lakini hata wasingekuja, mume wangu nilikuwa nimekwisha kumpata, na mimi mwenyewe pia.

Sasa sikiliza. Tangu saluni yenu ilipofungwa unalala mpaka adhuhuri, na begi lako nimeona umelishusha kutoka juu ya kabati. Sikuzuii kurudi Tanga. Kwenu ni kwenu. Ninachokuomba, safari hiyo usiiamue mwezi wa sita. Mtu asipimwe kwa siku zake fupi, wala asijipime nazo. Ukimwona mwenzio amenyamaza, mletee mahindi yake na maji yasiyoganda, uliza taratibu, usimhesabie mayai. Na ukinyamaza wewe, usijifungie kila tundu. Acha mahali pa juu pa kutolea pumzi. Ndiyo maana nimekusimulia yangu.

Mungu akurudishie mwanga wako kidogo kidogo, kama anavyolirudisha jua la hapa bila sisi kusikia. Akupe wa kukungoja, na akupe moyo wa kungoja wengine. Amina. Na kesho asubuhi, mwanangu, barafu ya kuku utaivunja wewe.