Ngao ya Ngozi Niliyokwenda Nayo Ukweni

Jamani, kwa miaka mingi mtu akitaja Sapiwi mbele yangu nilikuwa nainuka nakwenda kutafuta maji ya kunywa hata kama sina kiu, lakini kwa kuwa leo mmenibana mnataka kujua kwa nini pikipiki yangu haina hata kioo cha mbele, basi kaeni nijiaibishe mwenyewe, maana nikiwaachia watu wa Bariadi wawasimulie wataongeza chumvi, na mkasa huu hauhitaji chumvi.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa fundi wa mitambo kwenye kinu cha kuchambulia pamba pale Bariadi, kijana, sina mke, ila nina pikipiki. Na si pikipiki ya kubebea kuku! Aliniachia mhandisi mmoja wa Kizungu aliporudi kwao, dude zito, kiti kiko chini kama cha kupumzikia barazani, miguu unainyoosha mbele, na usukani umepanuka huku na huku kama pembe za fahali. Nikipita sokoni watu wanaacha kupima mtama. Kasoro yake ilikuwa moja: ukiikalia unalala nyuma kidogo, kifua kiko wazi, na vumbi lote la barabara linaishia kwako, hata nikifika mahali watu wananitambua kwa meno tu.

Sasa nikampenda Minza, binti wa Mzee Masunga wa Sapiwi. Washenga walikwenda, wakarudi, wakaenda tena, mwisho Mzee akasema maneno ameyasikia, kilichobaki ni kumwona huyo fundi kwa macho yake, niende kwake Jumapili, ndipo atoe jibu. Yaani ndiyo au hapana ya maisha yangu ilikuwa inategemea nitakavyoonekana siku hiyo moja. Nikashonesha suti ya Kaunda rangi ya maziwa. (Ndiyo, ya maziwa, kiangazi, kwa barabara ile. Msiniulize.)

Dukani kulikuwa na kalenda yenye picha ya askari wa Ulaya juu ya pikipiki kama yangu, mbele amefungiwa ngao ya kukinga upepo, imepinda kama pua ya ndege, na shati lake halina doa. Nikasema dawa ndiyo hiyo. Nikaandika barua Mwanza, nikaandika Dar es Salaam, majibu yakarudi kwa neno moja, hakuna, na mnakumbuka enzi zile hata tairi la baiskeli lilitaka kibali, sembuse ngao ya madaha. Nikakata bati la pipa nikalifunga; nilipoongeza mwendo likaanza kuvuma, mbwa wote wa mjini wakanifuata, nikalifungua. Nikachukua kioo cha Landrova iliyokufa, kikapasuka nikiwa bado nakipima. Ijumaa ikafika, suti ninayo, ngao sina.

Aliyenipa wazo, bila kukusudia, ni Mzee Hamisi, mchinjaji wa pale sokoni. Nilimkuta anawamba ngozi ya ng'ombe, nyekundu, ina mabaka meupe, na baka moja kubwa la mviringo ubavuni, nzuri ajabu.

"Ikikauka hii," akaniambia, "ni ngumu kama ubao."

Nikaitaka hapohapo.

"Lakini fundi, huyu nimemchinja jana. Ipe jua siku saba."

"Ninazo mbili tu, mzee."

"Basi usije ukasema sikukwambia."

Nikapinda nondo nyembamba, nikaiwamba ngozi juu yake ikiwa bado na maji, manyoya yakaangalia nje (kwa urembo!), nikakata tundu la taa katikati. Jua la siku mbili likaikaza, ukiigonga inalia kama ngoma. Ilikuwa inanuka? Ilikuwa inanuka kidogo, nikaipaka majivu, kisha poda ya mtoto wa dada yangu. Sasa hebu kitazameni kitu chenyewe: uso wa manyoya mekundu, jicho moja katikati, pembe mbili pembeni. Na mimi, mwana wa Kisukuma, niliyechunga ng'ombe tangu utotoni, nasimama mbele yake naona pua ya ndege.

Jumapili nikatoka. Nawaambia ukweli, ile ngao ilifanya kazi, nilikwenda mwendo mrefu sijala hata punje ya vumbi, naimba peke yangu. Ila joto la injini lilikuwa linaipasha ile ngozi mbichi kwa ndani, ikaanza kulainika na kutoa harufu yake yote, nami harufu siipati kwa kuwa upepo unaipeleka pembeni.

Karibu na Sapiwi kuna lambo, na saa ile mifugo ya kijiji ilikuwa inanyweshwa. Nikapunguza mwendo nipite kistaarabu. Ng'ombe mmoja akainua kichwa na maji yanamtiririka mdomoni. Akanusa. Akatoa mlio. Kila aliyezaliwa kwetu anaujua mlio ule: ng'ombe wakikuta damu ya mwenzao hukusanyika, wanaparua ardhi kwa kwato, wanalia, na si kilio cha njaa wala cha kiu. Kufumba na kufumbua kundi zima lilikuwa linanijia.

Nikavuta mafuta, lakini barabara ya pale ni mchanga mtupu, tairi linazama, dude linayumba, wachungaji wanapiga mbinja na hakuna anayewasikiliza. Zamani boma la Mzee Masunga lilikuwa peke yake huko mbugani, ningeaibika mbele ya watu sita, lakini operesheni ya vijiji ilikuwa imewahamishia wote kijijini, nyumba zimepangwa mistari kando ya barabara, kwa hiyo niliaibika mbele ya kila mlango. Watu walitoka na vijiko mkononi. Nikaona mji wa Mzee Masunga niliokuwa nimeelekezwa, nikakata kona, nikapita katikati ya ua wa minyaa badala ya lango, pikipiki ikalala huku, mimi kule, na ng'ombe nyuma yangu. Mlango uliokuwa karibu ulikuwa wazi, nikaingia, nikaufunga.

Lilikuwa jiko. Na ndani yake alikuwemo mama yake Minza.

Sasa mnajua mila yetu: mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso, mkikutana njiani mmoja anaingia porini. Mama wa watu alijifunika kanga kichwani akageukia ukuta, nami nikageukia ukuta wa pili, tukasimama tumepeana migongo, na nje ng'ombe wanalia mlango unatikisika.

"Wewe chungu," akakiambia chungu kilichokuwa mekoni, "hebu muulize aliyeingia ni nani."

Nikauambia ukuta, nikimwita mama kwa Kisukuma, "Mwambie mayu, ni Mabula. Yule fundi."

"Chungu, yule wa leo?"

"Ndiye, mayu. Mwadila," nikamwamkia.

"Mwadila," kikajibu chungu. "Sasa muulize amewafanya nini ng'ombe wetu."

Nikaeleza yote, suti, kalenda, Mzee Hamisi, poda. Nikasema nilitaka Minza anione msafi. Nikasikia mtu anacheka ndani ya kanga, anajitahidi asicheke.

"Chungu, mwambie Minza anamwona mnadani kila Alhamisi, mwekundu kama kichuguu, na akirudi hapa hana habari nyingine ya kutusimulia."

Mimi, na aibu yangu yote, nikatabasamu kwa ukuta.

Wachungaji walipofanikiwa kuwarudisha ng'ombe nyuma, nikatoka. Kijiji kizima kilikuwa uani, watu wanashika mbavu kwa kucheka. Mzee Masunga peke yake hakucheka. Alikuwa amechutama mbele ya pikipiki, kiganja chake kiko juu ya lile baka la mviringo.

"Huyu namjua," akasema. "Nimemkamua miaka tisa. Alhamisi nimempeleka mnadani kwa kuwa hazai tena, nikageuka haraka nisione anapelekwa wapi. Wale wanaolia pale ni wanawe. Na wewe umenirudishia mlangoni, amebeba taa."

Nilijisikia vibaya hata nikasahau suti, ambayo kwa wakati huo ilikuwa na utomvu wa minyaa, masizi ya jikoni na samadi. Nikatoa kisu, nikakata kamba zote, nikaikunja ngozi, nikapiga magoti nikamkabidhi kwa mikono miwili.

"Jibu leo sina," akasema. "Leo nina msiba. Rudi Jumapili ijayo. Na uje kwa miguu."

Nikalisukuma lile dude kwa mkono hadi nje ya kijiji, maana nani angethubutu kuliwasha.

Wiki ile sikulala vizuri. Jumapili nikatoka Bariadi alfajiri, na njiani malori ya pamba yalinipita moja baada ya jingine, kila moja likinimwagia vumbi lake, sikujifuta. Nilipofika Mzee Masunga alikuwa ameketi uani kwake. Akanitazama kuanzia viatu hadi nywele, kwa muda mrefu, mpaka nikaanza kuhesabu nitarudi kwetu saa ngapi. Kisha akageukia jikoni akaita kwa sauti:

"Mleteeni mkwe wetu maji anawe!"

Minza ndiye aliyeyaleta. Tangu hapo watu wameniletea ngao za kila aina, za plastiki, za bati, hata moja ya kutoka ng'ambo, na wote nawapa jibu hilohilo: asanteni, kaeni nazo, mimi mwendo wangu ni wa vumbi mpaka nife.