Suti ya Mchoma Mkaa

Kwa majigambo sijambo, nalisema mapema. Nimechora katika nchi nne na sijawahi kurudishiwa kazi. Nilianzia Makambako, pale njia panda, nikiandika maneno nyuma ya malori: "Wivu Hauna Chanjo." "Mama Usilie, Narudi." Dereva mmoja aliyependa mwandiko wangu akanipakia hadi Zambia. Kitwe nilichora vichwa kwenye kuta za vinyozi, mitindo sita, mteja ananyoosha kidole tu. Mzuzu, kule Malawi, nilichora mbu ukutani mwa zahanati, mkubwa kama kuku, watoto wakawa wanaangua kilio kabla hata ya sindano. Lubumbashi ndiko nilikonenepa. Wenye baa walitaka sura zao ukutani, na kila mmoja alitaka suti, tai na saa ya dhahabu, hata yule aliyekuja na kandambili. Nikawavalisha wote.

Baba alifariki nikiwa huko huko. Nilifika nyumbani Njombe matanga yameshaanuliwa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mwaka juzi, mwezi wa sita, mama akanipigia simu. Picha pekee ya baba, aliyopigwa studio Makambako, ilikuwa imelowa. Paa lilivuja, sura yote ikafutika.

"Mwanangu, sura ya baba yako inanitoroka," akasema. "Asubuhi naikumbuka pua, jioni hata pua sina. Wewe unachora waume za watu huko. Wangu je?"

Nilifunga brashi zangu, nikavuka mipaka miwili. Makambako nilishuka kununua rangi tu, nikaendelea hadi nyumbani. Nilikuwa na hofu, maana hata mimi sura ile sikuwa nayo vizuri. Baba alikuwa akichoma mkaa wa miti ya miwati. Kila siku alitoka hatujaamka, akarudi jioni akiwa mweusi tii, mama akimngoja mlangoni na maji ya moto. Basi nikafumba macho, nikakumbuka nilivyoweza, nikachora kwenye ubao siku tatu. Lakini mkono nao una mazoea yake. Nikamvalisha suti ya bluu na tai nyekundu, uso unang'aa. Nikajiona nimempa heshima niliyoshindwa kumpa siku ya maziko.

Mama aliitazama, akainamisha kichwa huku, akainamisha kule.

"Mheshimiwa huyu ni wa jimbo gani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Pua ni yake," akasema taratibu. "Ila yeye simwoni." Akarudi kwenye viazi vyake.

Jamani, nilipandwa na hasira! Nikamfuata. "Mama, Kongo watu wanapanga foleni kwa kazi yangu!"

"Wakongo hawakuolewa naye," akanijibu, wala hakuinua macho.

Nikaamua kurekebisha uso, ila sharti rangi ikauke kwanza. Lubumbashi ungeianika juani asubuhi, jioni unaigusa. Njombe mwezi wa sita ukungu unakaa mpaka saa nne, na rangi ya mafuta inabaki mbichi wiki nzima. Mimi mjuaji nikaegemeza ubao jikoni, karibu na mafiga, nikaenda mjini kutafuta brashi nyembamba. Mtoto yeyote wa kwetu anajua moshi wa kuni mbichi za miwati. Mimi nilikuwa nimesahau.

Niliporudi, lo! Masizi yalikuwa yamenasa kwenye rangi yote. Uso mweusi, shingo nyeusi, suti haijulikani kama ni suti, tai imepotea kabisa. Macho tu ndiyo yaliyoonekana, tena kwa mbali. Nikachukua kitambaa nifute, huku machozi yananitoka, mtu mzima na ndevu zangu. Nilijua nimempoteza mara ya pili.

"We! Usimguse!"

Mama alikuwa mlangoni na beseni la maji mkononi. Akaliweka chini, akasogea mpaka karibu kabisa na ubao.

"Kamwene," akamsalimu kwa Kibena, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utoto wangu.

Kisha akalisogeza lile beseni kwa mguu mpaka chini ya picha.

"Umechelewa leo," akamwambia. "Nawa kwanza, ndipo ule."