Orodha ya Waasi Kwenye Printa ya Ofisi

Leo nimemtaja mwenzangu bila kuguswa hata kwa kidole.

Mnaijua ile tamthilia yetu ya waasi walioteka chombo cha anga. Niliandika orodha ya Jumamosi: kila mmoja wetu na nafasi atakayoigiza tukikutana Kansanga kuitazama.

Kosa langu ni kuichapa kazini. Kwetu ni kampuni ya ulinzi, na bosi ni mwanajeshi mstaafu. Yeye ndiye aliyefika kwenye printa kwanza.

“Kijana, kikosi ya waasi, na kamanda ni wewe?”

“Ni mchezo wa televisheni, afande.”

“Televisheni iko wapi? Mimi naona majina ya watu.” Akaweka kidole kwenye mstari wa tatu, nilipoandika “Opio: mtega mabomu”. “Huyu Opio wa mabomu anakaa wapi?”

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kumwonyesha tamthilia yenyewe, simu ilikuwa mkononi.

Nikasema, “Kyambogo, afande. Anafundisha kemia.”

(Ndiyo. Nilisema kemia.)

Akacheka kidogo, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni. “Sawa. Rudi kazi.”

Mpaka sasa sijui alichocheka.

Opio, nimekupigia mara nne hupokei. Ukisoma hapa, nijibu kabla hujaenda nyumbani.

Ninyi wengine, majina yenu pia yamo. Nishaurini: nikaiombe ile karatasi, au nikiiomba ndiyo nitaonekana nina la kuficha?