Sikio Tulilolipima kwa Mkono

Habari za msiba zilinifikia Jumatatu, kabla sijamaliza chai. Mama aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi mlangoni mwa shule yetu, karibu na Msambweni, ameitika wito wa Mola wake. Wasomaji wangu mmezoea kuniona nikiwalilia wakubwa, na yupo mkaguzi wa shule niliyemsifu hapa mpaka wanawe wakashangaa. Leo namlilia mtu ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, naye ndiye aliyenisahihisha kazi yangu.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuoni na kaptura iliyopigwa pasi ikasimama. Kila Januari nilipewa kazi ya kupokea watoto wapya. Vyeti vya kuzaliwa havikuwapo, basi umri tuliupima kwa mkono: mtoto aupitishe mkono wa kulia juu ya kichwa, na vidole vikigusa sikio la kushoto, ameiva kwa shule. Visipofika, arudi nyumbani akale ugali mwaka mzima. Tulikiamini kipimo hicho kama mizani ya dukani. Watoto waliingia mmoja mmoja, nami nilikaa mezani, macho kwenye daftari, nikisema, "Gusa sikio," kisha nikiandika matokeo kwa hati nzuri sana.

Mkulima mmoja wa mpunga alimleta binti yake. Nikasema gusa sikio. Binti akanitazama tu. Nikaandika: hajafika. Mwaka wa pili, hajafika. Mwaka wa tatu alikuja amerefuka, kichwa chake kimelipita bega la babake akiinama kunisalimu, lakini sheria ni sheria. Alinitazama vilevile, nami nikaandika hajafika, nikaongeza kwa hisani yangu: mkaidi. Baba yake akavaa kofia yake. "Basi, mwalimu, simleti tena," alisema. "Atakwenda kuamia ndege mpungani, awafukuze wasile mpunga. Huko hawaulizi masikio."

Mama wa mahamri alikuwa mlangoni, ameniletea kifungua kinywa changu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa haraka, akamzuia yule baba asitoke.

"Mwanangu, huyu umemwambia kwa mdomo?"

"Sasa nimwambie kwa kitu gani kingine, mama?"

"Mimi nikimwita njiani hageuki. Nikimwonyesha hamri, huja mbio."

Akauchukua mfuniko wa sufuria, akaupiga kwa mwiko nyuma ya kisogo cha mtoto. Mimi niliruka. Baba aliruka. Binti aliendelea kukitazama kidau changu cha wino. Kisha mama akaja mbele yake, akaupitisha mkono wake mwenyewe juu ya kichwa. Binti akamwiga papo hapo, na vidole vikalipita sikio vikashuka hadi kwenye taya.

"Huyu amefika zamani," mama alisema. "Wewe ndiye uliyechelewa."

Alitoa pia maagizo, kana kwamba mkaguzi ni yeye: mtoto akalishwe mbele auone mdomo wangu, nami niache kuzungumza na ubao. Mwalimu mkuu akafanya lililo rasmi, akaandika barua ofisi ya elimu huko Kwale kuuliza mtoto kama huyu apelekwe wapi. Kwale wakajibu apimwe kwanza hospitali. Hospitali wakajibu, kwa adabu kubwa, kwamba wanasubiri barua ya Kwale. Barua hizo zilipomaliza kusalimiana, binti alikuwa anasoma kitabu cha pili. Na kila Januari mama alisimama kando ya meza yangu na mfuniko wake, bila cheo wala mshahara, akiwapigia watoto wote mmoja baada ya mwingine. Niliowarudisha kabla ya mfuniko ule ni wangapi, sijui. Daftari langu lina hati nzuri, lakini hilo halisemi, na linaniuma hadi leo.

Matangani nilimwona yule binti, siku hizi fundi cherehani huko Shimoni, mwenye wajukuu. Alitoka upande wa wanawake macho yamevimba kwa kulia, akasimama mbele yangu, akaupitisha mkono juu ya kichwa na kuligusa sikio. Nikataka kumjibu vivyo hivyo. Bega langu lina baridi yabisi. Mkono ulikwama utosini, vidole vikabaki vinachezacheza hewani. Alinitazama kwa makini, akashika kalamu isiyokuwapo, akaandika kwenye kiganja chake. Sikuhitaji kuuliza ni neno gani. Walimu mnaonisoma, inueni macho kutoka kwenye daftari kabla hamjaliandika neno hilo, maana mimi nililiandika mara tatu kwa mtoto aliyekuwa amefika tangu siku ya kwanza.